Kiboko Aliyegawa Kibuyu, Akabaki na Kiapo

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Kibuyu cha dawa, mwenyewe kaenda kula.

Basi hapo kale, kando ya kinamasi, palikuwa na zahanati ya wanyama, na muuguzi wake alikuwa Kiboko. Ni yeye peke yake aliyefunzwa vipimo vya dawa na kula kiapo cha kuzigawa. Na huyo Kiboko alipenda kula mpaka aibu. Wagonjwa wakileta matikiti ya shukrani, ngwafu, ngwafu, keshamaliza.

Mfagizi wake, Panya Buku, alikuwa amefukuzwa mwezi uliopita. Kiboko alimwachia vibuyu vya dawa akaenda zake malishoni. Panya akamnywesha Swala dawa siyo, Swala nusura afe. Kiboko akasema, "Aliyenywesha ni Panya." Panya akafukuzwa atoke kinamasini, yeye na wanawe.

Ufagio akapewa Pimbi, yule mdogo wa majabalini. Akafagia, fya, fya, fya. Siku ya tatu jioni Kiboko akamwita.

"Kuanzia kesho, dawa utagawa wewe."

"Mzee, mimi sikula kiapo. Hata vipimo sivijui."

"Dawa ni dawa, mwanangu. Mimina, wape."

"Na mgonjwa akidhurika?"

"Atajibu aliyemimina."

Pimbi aliogopa sana. Alikuwa na mke na vitoto viwili majabalini, na hakutaka kuifuata njia ya Panya. Lakini hakubisha, mdogo akibishana na kiboko hukanyagwa. Alikwenda kwa wagonjwa mmoja mmoja akawaambia, "Kesho mapema mleteeni Mzee matikiti maradufu." Kisha akapitia kwa Kobe, mwamuzi wa kinamasi.

"Shikamoo, Mzee Kobe. Kesho karibu zahanati, kuna tikiti."

"Marahaba, nitakuja," Kobe akasema, akaanza safari papo hapo, maana mwendo wake anaujua mwenyewe.

Asubuhi matikiti yakaja, lundo. Kiboko ngwafu, ngwafu, ngwafu, hata la mgeni hakubakiza. Mara tumbo, nguru, nguru. Akaanguka chini, puu.

"Pimbi, nipe dawa."

Pimbi akaleta vibuyu viwili. Akachukua na upawa wa uji, ule mkubwa.

"Kimoja hufunga tumbo, kimoja hufungua. Kipi ni kipi, sijui. Ila dawa ni dawa, Mzee. Namimina, nakupa."

Akamimina, gudu, gudu, gudu, upawa ukajaa.

"Ngoja," Kiboko akasema, jasho linamtoka. "Wewe mfagizi. Hujafunzwa. Utaniua."

"Na wale wagonjwa ulionituma kwao, Mzee, wao hawafi?"

Kobe, ambaye ndiyo kwanza anaingia, akauliza taratibu, "Muuguzi, Panya alikuwa amefunzwa?"

"Hakufunzwa."

"Vibuyu alipewa na nani?"

Kiboko akafumbua kinywa. Likajibu tumbo, nguruu.

"Kibuyu unaweza kumpokeza mwenzio," Kobe akasema, "kiapo huwezi. Panya alikosea, lakini aliyekula kiapo na kumtuma ni wewe, na wewe ndiye wa kujibu. Arudishwe kwake. Na dawa za leo utagawa kwa mkono wako, ukianza na yako."

Kiboko akajikokota, akapima dawa yake mwenyewe, kijiko kimoja tu. Halafu ya Twiga, halafu ya Nyani, mpaka jua la utosi. Jioni Panya akarudi na wanawe. Pimbi akamkatia ufagio wa pili, wakafagia pamoja, fya, fya, fya, na moyo wa Pimbi ukatulia.

Ngano yangu nimeitia kizibo. Aliyeiona tamu amwonjeshe mwenziwe. Aliyeiona chungu, ndiyo dawa hiyo.

Na funzo lake, wakubwa zangu: watumeni wafagizi wagawe dawa mpendavyo, hakuna neno kabisa. Ila siku hiyo msiugue.