Mistari Mitatu Isiyo na Majani

Fumbeni macho kidogo, wanangu, muuone mlima. Ni mlima wa Umatengo, mkali kiasi kwamba mtu akiangusha boga kileleni itambidi alifuate bondeni. Ubavu wake wote umejaa vishimo, kimoja kando ya kingine, kama vyumba vya sega la asali. Chini kabisa pana chemchemi, na kando ya chemchemi watoto wa shule wamepiga magoti wakisali Malaika wa Bwana, kwa maana kengele ya misheni imelia adhuhuri. Muwatazame vizuri. Yupo msichana wa miaka kumi aliyefumbua jicho moja kuchungulia kama ndoo yake imejaa. Huyo anaitwa Otilia.

Wazee wa misheni ile walisimulia, nasi tukapokea kwao, kwamba hapo zamani alikuwapo katekista mmoja mpole, mcha Mungu, jina lake Kolumbani Hyera. Alikuwa mwalimu wa watoto kwa miaka ishirini, na hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Aliwafundisha mambo mawili, sala na ardhi, na kwake yeye mambo hayo hayakuwa mbali. Asubuhi waliimba Baba Yetu, halafu wakapanda mlimani na majembe kulima ngoro.

Ngoro ni kilimo cha mababu wa Wamatengo. Wavulana hufyeka majani na kuyalaza chini katika mistari inayokatana, ikafanya miraba. Wasichana huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani. Palipochimbwa huwa shimo, palipofukiwa huwa tuta, na juu ya tuta hupandwa maharage. Mvua ikinyesha haikimbii na udongo. Hutulia katika vishimo, ikazama polepole, ikatokea chini kwenye chemchemi. Kolumbani alikuwa akiwaambia, "Mvua ni mgeni. Asiyepewa kiti huondoka, tena huondoka na mali ya mwenyeji."

Na nguvu ya tuta, wanangu, ni yale majani ya ndani. Hayo ndiyo huushika udongo. Tuta lisilo na majani halina tofauti na lenye majani, ukilitazama kwa nje.

Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, ilitangazwa kwamba Askofu angekuja kutoa kipaimara, na kwamba angependa kuliona shamba la watoto. Kolumbani alifurahi mno, na furaha ile ikamtia haraka. Siku moja kabla ya ugeni, majani yaliisha. Ilikuwa imebaki mistari mitatu tu, ya juu kabisa, inayoielekea chemchemi iliyo chini. Kupata majani mengine ilibidi kuvuka mlima, na jua lilikwisha kuinama. Akawaambia watoto wachimbe na kufukia hivyo hivyo.

Otilia alisimamisha jembe lake. "Mwalimu," akasema, "hapa chini hakuna kitu."

Kolumbani akatabasamu. "Funika tu, mwanangu. Askofu hatakuja na jembe."

Watoto wakacheka. Neno lile liliwapendeza, wakalirudia njia nzima wakishuka. Otilia naye alicheka, akafunika.

Askofu alikuja, akasimama chini ya mlima, akalisifu shamba na kuwabariki watoto. Kolumbani aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na watu wakasema huyu kweli ni mja mwema.

Mwezi wa Aprili mvua ilinyesha siku tatu bila kukata. Siku ya nne ilitulia kidogo, Otilia akatumwa maji. Matuta ya ile mistari mitatu ya juu yalikwisha kulowana yakawa uji. Yalipokatika, maji yote yaliyokuwa yamekaa katika vishimo vya juu yalimwagika kwenye vya chini kwa mara moja, na ubavu ule wa mlima ukashuka juu ya chemchemi. Walimfukua Otilia saa nane mchana. Ndoo yake haikuonekana.

Watu walipotafuta sababu, walimkumbuka Bibi Skolastika, mjane aliyeishi peke yake jirani na shamba. Juma moja kabla ya mvua mbuzi wake wawili walikuwa wamekata kamba na kukanyaga matuta ya watoto. Basi ikasemwa kuwa ni mbuzi waliolegeza mlima. Wazee waliamua mbuzi wale wapewe Apolonia, mama yake Otilia, wawe fidia. Apolonia aliwakataa, asiseme kwa nini. Hata hivyo Bibi Skolastika hakupata amani. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye tu, na njiani watoto walimwita Mama Mbuzi, na yeye alikuwa akiwajibu, "Marahaba, wajukuu zangu," kana kwamba wamemwamkia.

Aliyejua ukweli alikuwa Kolumbani. Wale watoto wengine walikumbuka mzaha, hawakukumbuka majani. Naye aliyekumbuka majani alikuwa kaburini. Kolumbani akaendelea kufundisha, akaendelea kuongoza rozari kila Jumapili kabla ya misa. Lakini kila alipofika "utuombee sisi wakosefu" sauti yake ilikatika, na watu wakamhurumia, wakidhani ni mapenzi aliyokuwa nayo kwa marehemu. Na mapenzi yalikuwapo. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana huruma yao ilikuwa tamu na haikuwa yake.

Mwisho alikwenda kwa padre kuungama. Padre alimsikiliza, akamwambia kwa upole, "Mungu ni mwenye rehema, naye amekusamehe. Lakini Bibi Skolastika bado amebeba mzigo wako. Nenda ukamtue."

Kolumbani hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Apolonia, kwa maana ndiye mwenye msiba, akamkuta ameketi mlangoni akipukuchua maharage. Akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Mama Otilia," akasema, "si mbuzi wa Bibi Skolastika. Ni mimi. Mistari mitatu ya juu haikuwa na majani. Mtoto alinionya, nami nikamwambia afunike."

Apolonia hakuacha kupukuchua. "Najua," akasema. "Aliniambia jioni ile ile, akinawa miguu. Alisema, 'Mama, leo tumefukia udongo mtupu. Mwalimu kasema Askofu hatakuja na jembe.' Akacheka, nami nikacheka."

Kolumbani aliuliza mbona hakusema.

"Mbuzi niliwakataa. Zaidi ya hapo sikuwa na nguvu. Na nani angeamini neno la marehemu, tena mtoto, mbele ya neno lako? Kila Jumapili nimekutazama ukishika rozari, nikajisemea, labda leo. Majuma tisa, Mwalimu." Akayakusanya maganda katika khanga yake, akainuka. "Sasa nenda. Kamwambie na yule bibi."

Jumapili iliyofuata Kolumbani alisimama mbele ya waumini wote, akasema maneno yale yale aliyomwambia Apolonia, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akavua msalaba wa ukatekista, akauweka juu ya meza, akashuka akaketi katika benchi la Bibi Skolastika. Bibi yule alisogea kidogo kumpa nafasi. Machozi yalimtoka.

Tangu siku ile hakufundisha tena. Kila asubuhi alipanda na jembe, akifukua chemchemi na kuujenga upya ubavu ule, mstari kwa mstari, majani kwanza. Watu walimpita, wengine wakimsalimu, wengine wasimsalimu. Mwaka wa pili aliifukua ndoo ya Otilia, imebonyea. Akaipeleka kwa Apolonia, ambaye aliipokea na kufunga mlango. Mwaka wa sita, katika kiangazi, maji yalianza kutoka, uzi mwembamba tu. Apolonia alishuka na ile ndoo, akaikinga. Ilichukua muda mrefu kujaa, nao wawili wakaketi pande mbili za maji. Kengele ya adhuhuri ikalia.

"Anza sala, Mwalimu," akasema Apolonia.

Kwa miaka sita hakuna aliyekuwa amemwita jina hilo. Alianza, akashindwa, na Apolonia akaimalizia.

Hadi leo, husimulia wazee, watoto wa shule ile hawafukii tuta kabla mmoja wao hajaita, "Majani yapo?" na mwenzake kuinama, kugusa kwa mkono na kujibu, "Yapo." Ndipo udongo humwagwa.

Nasi, wanangu, kazi nyingi tunazofanya, na hata sala zetu, hakuna atakayekuja na jembe kuzichunguza. Mvua ndiyo itakayokuja. Toba ya Kolumbani ilirudisha maji, haikumrudisha Otilia. Nawaombeni basi mkumbuke jambo moja dogo: siku mwenzenu atakaposema, "Hapa chini hakuna kitu," simamisheni majembe, muiname, mguse.