Kiboko Aliyekula Ukuta Wake

Niwape, nisiwape?
— Tupe!
Mkiogopa je?
— Tutasogeleana!

Basi sogeleaneni. Palikuwa na Kiboko, mkubwa na mwenye tamaa. Mvua zilipoadimika, aliuziba mto kwa magogo na matope, maji yote yakabaki kwake. Wanyama wa bondeni wakashikwa na kiu. Wakahamia ndani ya mto mkavu, wakawa wanachimba mchanga kutafuta maji, na watoto wao wakilala humo humo.

Siku moja Korongo akatua kwao, amechoka. Bi Pimbi, mnyama mdogo kuliko wote pale, akamuuliza habari za huko atokako. Korongo akasema amevuka bara zima. Kaskazini aliona mto uliozibwa: kiu ilitangulia, kisha mvua ikapasua ukuta, mafuriko yakafuata. Mashariki, vivyo hivyo. Kusini walimaliza miti, mlima ukashukia nyumba.

"Na hapa," akasema taratibu, "mawingu yako nyuma yangu."

Bi Pimbi akawatazama wanawe waliolala mchangani. Akapanda mbio hadi kwa Kiboko, akakuta ukuta umevimba na maji yanapenya: chururu, chururu. Akamwamkia, akamsihi afungue kidogo kabla ya mvua. Kiboko akajibu kwamba maji ni yake, na asiyependa ahame.

Bi Pimbi akaona kusihi hakutafaa. Akazitazama nyasi zilizoota juu ya ukuta.

"Sawa, Mzee. Basi turuhusu tuje kula hizo nyasi. Wenzangu wamesikia ni tamu, na mizizi ndiyo tamu zaidi."

"Nyasi zangu?"

"Zako, Mzee. Ila wako njiani."

Kiboko hakungoja. Akang'oa nyasi, kwacha! Ukuta ukapungua. Akachimba mizizi, kwacha! Ukuta ukapungua. Maji yakaanza kupita juu ya ukuta, polepole, bila kuubomoa.

Bi Pimbi alikuwa ameshateremka, akiwaita wote watoke mtoni. Wakatoka, watoto wakiwa midomoni, vilema wakisukumwa. Jioni mvua ikashuka, gudu-gudu-gudu! Wakasimama juu ya mawe wakitetemeka, wakiutazama mto ukipanda. Mto ukafika ukingoni. Ukasimama hapo hapo, maana maji ya Kiboko yalikuwa yamekwisha kupungua.

Kulipokucha, Kiboko akatangaza kwamba yeye ndiye aliyewaokoa. Wanyama wakampigia makofi. Bi Pimbi hakupiga. Mikono yake ilikuwa inawapapasa wanawe, mmoja mmoja.

Ngano yangu imeishia hapo. Aliyesinzia amuulize jirani yake. Na funzo lake, watoto: wakubwa hutulinda daima, mradi wawe na njaa.