Anayeatamia Haulizwi Yai la Nani

Vijana wangu, mmesikia watu wakisema, "Anayeatamia haulizwi yai la nani," nanyi mnataka kujua msemo huu umetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na mliyoisikia ni nusu yake tu.

Ilikuwa Jumapili, tarehe nne Juni, kule Tukuyu. Tangu alfajiri ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, na manyunyu hayakukatika. Siku hiyo binti mchanga wa Atupele angebatizwa na kupewa jina la marehemu bibi mzaa mama wa Atupele. Kwa desturi ya ukoo, jina hilo halikupewa asiye wa damu ya bibi huyo.

Wanawake wa ukoo walikuwa jikoni wakisubiri kengele ya kanisa. Sekela, dada yake Atupele, akamwinamia mtoto, akacheka.

"Atu, miaka yote ya ndoa hukushika mimba. Umekwenda India, umerudi na tumbo. Pua hii si ya kwetu. Mliinunua duka gani?"

Mume wa Atupele alikuwa amemsihi asiseme neno. Uongo mdogo tu ungetosha, na jina lingepatikana. Lakini angesimamaje madhabahuni na uongo kifuani?

Akamgeukia mama yake, Bi Subilaga. "Mama, yai si langu. Lilitolewa na binti wa huko India, likapandikizwa kwangu. Mimi nimebeba mimba na kuzaa."

Bi Subilaga alimtazama kuku aliyekuwa akiatamia kapuni karibu na mafiga. Yeye mwenyewe alikuwa amemwekea mayai ya bata.

"Binti huyo alipenda, au alisukumwa na shida?"

"Sijui, Mama. Nilimwona mara moja pale hospitali, ameshika tumbo, anatembea ameinama. Nesi akanikataza kumsemesha. Nikatii, kwa kuwa nilimtaka mtoto."

"Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Si kwenye yai."

Akampakata mtoto, akamtazama Sekela. "Anayeatamia haulizwi yai la nani. Mtoto ataitwa jina la mama yangu. Lakini na aliyetaga ni mtoto wa mtu. Atu, sema neno, wote wasikie."

Atupele akasimama.

"Mbele za Mungu na mbele yenu, naahidi: mwanangu akipata akili nitamweleza habari za binti yule, na kila jioni tutamwombea. Anayeatamia haulizwi yai la nani, lakini hamsahau aliyetaga."