Tangazo la Chumba cha Thelathini na Moja

Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Jipu halianzi likiwa jipu. Huanza kama kipele kinachowasha, nawe unakikuna kwa raha, na kadiri unavyokikuna ndivyo utamu unavyozidi. Maumivu huja baadaye, na mara nyingi humfika mtu ambaye wala hakukuna.

Katika mtaa wa Zahriye, Tripoli ya Lebanoni, aliishi kijana aitwaye Ghayath, mwenye ulimi mtamu kama halua na mkali kama wembe mpya. Alifanya kazi katika duka la uchapaji la ami yake. Upande mmoja wa meza zilikaa kadi za harusi, upande wa pili matangazo ya vifo. Mtu akifa mtaani, jina na picha yake huchapwa kwenye karatasi yenye mpaka mweusi, ikabandikwa kutani kabla jua halijapinduka, ili watu wajue ni nyumba gani ya kwenda kutoa rambirambi. Ghayath alikuwa amechapa matangazo ya maiti wengi kiasi kwamba mpaka ule mweusi haukumshtua tena. Mazoea hujenga tabia.

Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka sita. Tangu siku hiyo jirani wa ghorofa ya juu, Ummu Lutfi, aliongeza sahani moja mezani kwake, na sahani hiyo haikuondolewa tena. Ummu Lutfi alikuwa mjane. Lutfi, mwanawe wa kwanza aliyempa jina hilo, alianguka kutoka kwenye jengo ughaibuni akarudishwa ndani ya sanduku. Alibaki na Samih, kinyozi, rika moja na Ghayath. Wote wawili aliwaita kwa maneno wanayotumia mama wa huko wakipenda sana: "Uje unizike, mwanangu." Yaani, Mungu asinijalie mimi kukuzika wewe.

Mwaka huo Ghayath alikuwa amempenda Rawia, binti wa muuza viungo. Lakini kijana hajipeleki mwenyewe kuposa. Mama ndiye atanguliaye kwenda kunywa kahawa, akamtaja mwanawe, akapima nyuso za wenyeji. Ghayath hakuwa na mama mwingine wa kumtuma. Ummu Lutfi alikubali, na siku ikapangwa: Alhamisi, baada ya sala ya alasiri.

"Sasa nikawaambie nini, wewe usiyejua kunyamaza?" alimuuliza.

"Waambie mimi ni bubu, mama. Watafurahi."

"Nitawaambia moyo wake mzuri, mdomo wake mbaya. Wachague wenyewe."

Ijumaa iliyotangulia posa hiyo, baada ya chakula cha mchana, Ghayath na Samih walikaa sebuleni kwa Ummu Lutfi mbele ya kompyuta, umeme wa jenereta ukiwa umewaka. Walikuwa wakicheza mchezo walioutafuta kwa miezi. Ndani yake mchezaji hajioni mwili. Huona mikono yake miwili tu mbele ya macho yake, kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyefungiwa humo. Kila chumba kina fumbo lake. Ukilifumbua, mlango hufunguka. Ukikosea, sakafu hupasuka ukaanguka gizani, kisha sauti ya bibi mpole husikika ikikupa pole.

"Usihuzunike, kipenzi," bibi wa mchezo alimwambia Samih alipoanguka. "Mama yako bado ni kijana, atazaa mwingine mwenye akili." Papo hapo likatokea tangazo lenye mpaka mweusi, na ndani yake jina ambalo vijana walilisoma kwa sauti: Samih.

Vijana wakacheka hadi machozi. Ummu Lutfi, aliyekuwa akikunja majani ya mzabibu kwenye sinia, aliinua kichwa.

"Huyo bibi hana haya! Kalelewa na nani?"

"Ni mashine, mama," Samih akasema.

"Mashine ndiyo ikuandike jina lako humo? Weka jina la paka. Weka la jirani yule mwenye kelele. Mauti hayachezewi, wanangu. Yana masikio."

"Masikio ya maiti yana nta, mama," Ghayath akadakia. "Mimi nawachapa kila siku, hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kulalamika."

Samih akacheka tena. Ummu Lutfi hakucheka. Alirudi kwenye majani yake, na kila mara vijana waliposoma jina la mwanawe kwenye kioo aligeuza uso dirishani.

Chumba cha thelathini na moja ndicho kilichomshinda Samih. Kulikuwa na mizani kubwa, jeneza tupu na kuku mmoja anayeimba. Samih alipima kuku, akapima jeneza, akapima kuku ndani ya jeneza. Alianguka mara kumi na moja. Ghayath akashika kipanya, akalipandisha jeneza mizanini, akalala ndani yake yeye mwenyewe, na mlango ukafunguka taratibu.

"Ulipaswa kufa tu, mjinga wewe!" Ghayath akapiga kelele. "Kumi na moja! Wallahi nakuchapia tangazo la kweli, nilibandike pale kwako."

"Lichape," Samih akasema, "ila tafuta picha nzuri. Ile ya harusi ya binamu, niliyovaa suti."

Ulimi hauna mfupa. Jumanne jioni, kazi zilipokwisha, Ghayath aliketi mbele ya mashine akaandika. Mpaka ulikuwa ule ule, na maandishi ya juu yale yale ya kumrudisha mja kwa Mola wake, kwa kuwa aliona taabu kuyafuta. Katikati akaweka picha ya Samih ndani ya suti na jina lake kwa herufi nene. Chini, kwa herufi ndogo, akaandika: "Amefariki baada ya kupambana kishujaa na chumba cha thelathini na moja. Ameacha kuku mmoja. Rambirambi zinapokelewa kwenye kiti cha kinyozi. Kila mtu aje na kahawa yake."

Alikusudia karatasi moja. Lakini kidole chake, kwa mazoea, kiliingiza sitini, idadi wanayochapiwa maiti wote wa mtaa. Alipoona zinatoka mfululizo alicheka peke yake. Akachukua moja akaikunja mfukoni, nyingine akaziacha mezani, upande wa matangazo. "Nitazitupa kesho," alijisemea.

Kesho yake asubuhi alichelewa kuamka. Mzee Abu Dahir, mbandikaji, alijifungulia duka saa moja akiwa na ndoo yake ya gundi, kama alivyofanya kwa miaka thelathini. Abu Dahir hakujua kusoma, na hakuna aliyewahi kumtaka asome. Kazi yake ilikuwa kuchukua kila karatasi yenye mpaka mweusi aliyoikuta mezani na kuibandika pale watu wapitapo. Alichukua zote. Ghayath alipofika na kukuta meza tupu, alidhani ami yake amezitupa.

Saa tano Ummu Lutfi alikuwa akitoka sokoni na kilo mbili za peremende za lozi, alizonunua kwa ajili ya ziara ya kesho. Penye ukuta wa tanuri la mikate alimwona Abu Dahir akilainisha karatasi kwa brashi. Akasimama, kama wasimamavyo watu wote, ili ajue nani kaondoka. Yeye naye hakuwa msomaji. Zile herufi ndogo za kuchekesha hazikumwambia kitu. Aliona mpaka mweusi, na ndani yake uso wa mwanawe amevaa suti.

"Nilimwambia anizike yeye!" alilia. "Yeye ndiye anizike mimi!"

Peremende zilimwagika. Magoti yakakunjika, mdomo ukapinda upande, na sauti ikakatika kama uzi.

Samih aliitwa akamwacha mteja na nusu ya ndevu. Alimkuta mama yake mikononi mwa wanawake waliokwisha kuanza kumlilia yeye Samih. Mmoja wao alipomwona akija mbio kwenye lami alipiga ukemi akidhani ni mzuka. Samih alipiga magoti akaweka uso wake karibu na wa mama yake. "Mama, mimi hapa. Niguse. Nipo." Mkono mmoja ulimgusa. Wa pili haukuinuka. Kilikuwa kiharusi.

Habari ilimfikia Ghayath dukani, akakimbilia hospitali bila viatu vya maana. Alimkuta Samih kwenye ngazi. Alitaka kusema nisamehe. Alitaka kulia. Lakini ulimi uliozoea njia moja haujui njia ya pili, na kwa hofu aliyokuwa nayo maneno yalimtoka yenyewe:

"Haya, marehemu, umefufuka?"

Samih aliinuka kutoka pale alipoketi.

"Bado unacheza?" akasema, akapanda ngazi.

Alhamisi alasiri, mama yake Rawia alitandaza vikombe akasubiri. Hakuna aliyebisha hodi. Kufikia magharibi alikuwa ameshaambiwa kisa chote, na Ijumaa ami yake Ghayath akaletewa jibu: "Mtu anayemfanyia mama aliyemlea mzaha wa mauti, binti yetu atamfanyia mzaha gani?" Wakaishia hapo. Kabla ya mwezi kwisha, Rawia alivishwa pete na mtu mwingine.

Ummu Lutfi alirudishwa nyumbani baada ya siku tisa, upande wake wa kulia umelala kama mtoto asiyeamka. Ghayath alipanda na mfuko wa machungwa. Samih alimzuia mlangoni, si kwa hasira.

"Na mimi nilicheka," Samih akasema. "Nilikwambia uchague picha. Hilo nalibeba mwenyewe. Lakini yeye hakucheka, Ghayath, hata siku moja."

"Niache nimbusu mkono tu. Nikae kimya. Wallahi sitasema neno."

"Umeshasema. Kakusikia ukipanda ngazi. Akisikia sauti yako anaanza kunitafuta, ananishika uso, ananipapasa mpaka ahakikishe nipo. Jana ulisimama chini kuongea na mwenye duka, tukakesha naye. Usije tena."

Machungwa yalibaki mlangoni.

Lililobaki kwa Ghayath ni kuta. Karatasi sitini, kasoro ile moja ya mfukoni. Alitembea na kisu cha karatasi mtaa kwa mtaa, akikwangua. Gundi ya Abu Dahir ni ya unga uliopikwa na chokaa. Mvua za miezi sita haziing'oi. Penye ukuta wa tanuri alikwangua hadi kucha zikatoka damu, na bado nusu ya uso wa Samih ilibaki ikimtazama kwa jicho moja.

Bibi mmoja mgeni wa mtaa, mwenye mikate mikononi, alisimama nyuma yake.

"Mungu ampe pepo. Mdogo hivyo! Alikuwa nduguyo?"

"Ndugu yangu," Ghayath akasema.

"Masikini. Kilimuua nini?"

Ghayath alikishusha kisu. Aliinamisha kichwa.

"Hajafa, mama. Ulikuwa mzaha."

"Mzaha?" Yule bibi aliutazama uso uliochanika, kisha akamtazama yeye. "Wa nani?"

"Wangu."

Bibi hakumkaripia. Aliikumbatia mikate yake kifuani, akavuka barabara akaenda zake upande wa pili, na Ghayath akarudi kukwangua, naye sasa amejua kwa kucha zake mwenyewe kwamba mzaha mzaha hutunga usaha.