Imamu Farjallah na Zamu ya Tanuri

Wamesimulia wema waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa ukingoni mwa jangwa aliishi imamu mweusi aliyeitwa Farjallah bin Almasi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mjukuu wa watumwa walioachwa huru, na msikiti wake mdogo ulikuwa katika mtaa wa wakata kuni, walikokaa watu wa asili yake.

Mji mzima ulioka mikate katika tanuri moja, la Haji Sarhani. Kila nyumba ilikanda unga wake, ikaupeleka kwenye sinia, na kumwachia mwenye tanuri donge moja kuwa ujira. Lakini palikuwa na desturi mbaya, na desturi mbaya ikizeeka watu huiita adabu. Sinia za watu weusi zilingoja mpaka za wengine wote ziishe, hata kama zilifika alfajiri. Zilipoingia, moto ulikuwa umekwisha kufa. Donge la ujira walilitoa sawasawa na wenzao, ila mkate wao ulitoka mbichi katikati, wa kunata kwenye meno. Na kuni za tanuri hilo walizikata wao! Sijui kama iko dhuluma ya kuudhi kuliko hiyo.

Imamu Farjallah alimwendea Haji Sarhani mara nyingi kwa upole, akajibiwa kwamba ndivyo walivyowakuta wazee. Ndipo Ijumaa moja akawaambia watu wake wasipeleke tena unga pale, wala kuni, mpaka zamu iwe ya aliyetangulia kufika. Akawausia wasimtukane mtu wala kurusha jiwe. Haji Sarhani akaagiza kuni za mbali, naye akaendelea na kazi yake. Watu wa mtaa wakala uji wa shayiri na tende kavu, wenye akiba wakiwagawia wasio nayo. Imamu mwenyewe aliuza joho lake la Ijumaa akawanunulia wajane shayiri.

Subira ikaanza kuwaponyoka. Hapo Bi Salhina, mjane aliyempenda imamu kama ndugu yake wa tumbo moja, akatenda kosa la mtu anayetaka kusaidia. Alinong'ona kisimani kwamba panya wameonekana ndani ya tanuri la Haji Sarhani. Maneno hayana miguu, lakini yakafika kila nyumba. Hata matajiri wakaacha kupeleka unga, na muhtasibu, yaani msimamizi wa soko, akatangaza kwamba atalifunga tanuri ikithibitika ni chafu. Kwa kuwa imamu alisifika kwa ukweli, na alikuwa ameingia mle mara nyingi, akaitwa atoe ushahidi.

Wazee wa mtaa wakamjia baada ya alasiri. Hawakumwomba aseme uongo, walimwomba anyamaze tu. Bi Salhina alikuwapo, akalia na kukiri kwamba habari ile aliizua yeye, ila akamsihi aione kuwa ni faraja iliyotoka kwa Mungu.

Imamu akasema, "Bibi, faraja ya Mungu haiji kwa kumzulia mja wake."

Walipoondoka, yeye naye alilia. Alijua kwamba akilisafisha jina la Haji Sarhani, mji utarudi kwenye tanuri, na njaa ya watu wake huenda ikawa ya bure.

Siku ya baraza muhtasibu akamuuliza habari ya panya.

"Tanuri ni safi," akasema imamu. "Sijaona panya mle, na aliyeyasema hayo amekiri kwangu kwamba alizua."

Watu wake wakainamisha vichwa. Haji Sarhani akashusha pumzi. Muhtasibu, aliyekuwa mtu wa busara, akamgeukia. "Haji, unamkubali shahidi huyu?"

"Namkubali. Ni mkweli hata kwa hasimu wake."

"Basi hajamaliza. Imamu, kama tanuri ni safi, mbona ninyi mmelihama?"

Imamu akaeleza habari ya zamu na ya moto uliokufa, kisha akasema, "Bwana, sisi tunaoleta kuni ndio tunaokula mkate mbichi. Hatutaki kumtangulia mtu. Tunataka aliyefika kwanza aoke kwanza."

Haji Sarhani hakuwa mtu katili. Hakuwa amewahi kuula mkate ule, basi. Akasema, "Ulimi ulioniokoa sasa hivi siwezi kuukana. Dhuluma hii niliikuta, nami nikaiendeleza. Kuanzia kesho, wa kwanza ni wa kwanza."

Asubuhi yake sinia zilipangwa kwa kufika, na hakuna aliyeuliza ni za nani. Mkate wa Bi Salhina ulitoka umeumuka na kuiva mpaka ndani. Imamu alikuwa amemwambia kwamba dhambi ya kumzulia mtu haifutiki kwa toba peke yake, mpaka mwenyewe aombwe radhi. Bi Salhina akaubeba mkate ungali moto, akaenda kwa Haji Sarhani, akamwambia kwamba mzushi ni yeye. Haji aliupokea mkate, akaumega, nusu akampa, nusu akala.

"Nimekusamehe," akasema. "Nawe nisamehe kwa ile yote uliyokula kabla ya huu."

Ndugu zangu, wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Anayedai haki na aanze kwa kuitoa, hata kama wa kupewa ni yule yule aliyemdhulumu. Mola atujaalie moyo huo, maana si mwepesi.