Bwana Nakama Apiga Pembe

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo, na mengine tumeazima kwa Sungura!
Basi yategeni.

Hapo kale kulikuwa na kijiji cha wanyama wakulima. Katikati ya kijiji ilining'inia pembe ya mgambo. Pembe ikilia, kila mtu hutoka shambani mbio na chochote alichoshika. Hakuna kuuliza, hakuna kusubiriana.

Akatokea Fisi, mgeni kutoka ng'ambo ya vilima. Wenyewe wakienda shamba, yeye huingia, nyatu, nyatu. Akala vifaranga vya Kanga, kwap! Kanga akarudi, akalia, "Jamani, nakama!" Akala mwana wa Paa, kwap! Paa akarudi, akalia, "Jamani, nakama!"

Fisi yuko kichakani anasikia. Tumbo limejaa, kichwa kinavimba.

"Kumbe huku naitwa Nakama. Cheo kizuri hiki!"

Kuuliza maana yake? Thubutu! Mkubwa haulizi.

Siku moja akafika kwa Bi Nguchiro, kadogo ka umbo, aliyebaki nyumbani na watoto wake wachanga.

"Hodi! Toa watoto niwale. Mimi ndiye Nakama."

Bi Nguchiro akainama kwa heshima. "Karibu, Bwana Nakama! Ila bwana, mbona waingia kimyakimya kama mwizi wa mayai? Mwenye cheo huingia kwa pembe. Ile pale yakungoja."

"Yangu ile?"

"Ya nani tena? Ipige, utangaze jina lako, uone watakavyokupokea. Watatoka wote, wakubwa kwa wadogo. Tena hawatakuja mikono mitupu."

Fisi akadondokwa na mate. "Na hawa watoto?"

"Watakimbilia wapi, bwana? Hata kutambaa hawajajua."

Fisi akaenda, akajaza mashavu. Puuuuu! "Nakama nimeingia!" Puuuuu! "Nakama mimi, njooni mnipokee!"

Lo! Vumbi likatimka mashambani. Nyati akaja na mpini wa jembe, pu! Paa akaja na fimbo, cha! Kanga hakuwa na kitu, akaja na mdomo wake, do, do, do!

"Jamani, ni mimi, Nakama!"

"Ndiyo, twakujua!" wakaitikia, wakaongeza.

Fisi akachomoka na kiuno kimeteguka, ndiyo maana hadi leo nyuma kwake kumeinama. Bi Nguchiro akamfuata kwa sauti kutoka mlangoni, watoto wake wote kifuani:

"Bwana! Nakama ni maangamizi yanayomshukia mtu ghafla. Asubuhi anacheka, adhuhuri hana pa kujificha. Ukifika kwenu waeleze, sasa neno hilo wewe walijua kuliko sisi."

Funzo? Ukipewa cheo usichokijua maana yake, wanangu, usiulize. Kuuliza ni ushamba. Shika pembe, jaza mashavu, upige kwa nguvu zako zote.

Ngano imekoma. Utamu wake gawaneni, uchungu wake mpelekeeni Fisi. Bado yuko njiani anachechemea.