Bwawa la Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla watu hawajafika, kisiwa chetu kilikuwa cha wanyama wadogo wadogo. Mmoja wao alikuwa Bi Paa, mwenye watoto wawili wanaonyonya.

Masika moja mvua ilinyesha siku arobaini. Bonde la mawe likajaa maji mpaka ukingoni. Ndipo akatokea Kiboko, ameogelea kutoka bara. Chubwi! Akajitupa bwawani.

"Kuanzia leo maji yote ya kisiwa hiki ni yangu," akasema. "Atakayeonja, nitamkanyaga."

Wanyama wakarudi nyuma. Bi Paa akawatazama watoto wake, akasogea mbele.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Karibu kisiwani."

"Marahaba. Kisiwa gani hiki? Nikilala, kichwa kiko mashariki na mkia uko magharibi."

"Kweli, ni kidogo. Basi chukua bwawa lote. Sisi utuachie lile pango dogo pale maweni. Ila tuape mbele ya wote: kila mtu na chake, asiguse cha mwenzake."

Kiboko akaenda kuchungulia. Mlango wa pango haukutosha hata pua yake. Akacheka, kwa kwa kwa.

"Naapa. Kalaleni humo na popo."

Kima, aliyekuwa kati ya wanyama wale, akaziba mdomo kwa mikono miwili asicheke.

Masika yakaisha, kusi likavuma, jua likawaka. Na ardhi yetu, wanangu, ni jiwe la matumbawe, lina matundu kama mkate wa kumimina. Maji yakazama polepole, leo shubiri, kesho shubiri, bwawa likabaki tope. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka.

Siku moja akasikia sauti pangoni: to, to, to. Bi Paa akatoka, mdomo umelowa, watoto wanamfuata.

"Bi Paa, maji yangu yamekwenda wapi?"

"Yamekuja kwetu. Mvua ya hapa haikai juu, hulala chini ya mawe. Kila mtoto wa kisiwani anajua. Wewe hukuuliza."

"Nigawie, mama."

"Si uliapa?"

Kiboko akautazama mlango ule mdogo, kisha akaitazama bahari. "Basi narudi kwetu," akasema.

Bi Paa akamtolea kifuu kimoja cha maji, maana kwetu mgeni haondoki na kiu. Kiboko akanywa, akalamba kifuu.

"Ni matamu kuliko ya mto wetu."

"Kawaambie wenzako," akasema Bi Paa, "na kisiwa ni hikihiki kidogo."

Ndiyo maana wazee husema, nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake.